Wiki Nyeupe za Kikundi Simama

Esperansi na Jado, mliniomba mpango wa mwaka wa Simama, kikundi chetu cha mazoezi, na kartoni mnayo tayari. Imetundikwa ndani ya hangari, ghala la zamani la kahawa hapa Kirotshe, kwenye ukuta usiovuja. Ninayoandika hapa ni yale ambayo hayakuenea kwenye kartoni.

Watu wanacheka nikisema ninastaafu. Sijafika miaka thelathini na tano. Mzee mmoja aliniambia mtu hastaafu akiwa bado na meno yote. Lakini goti langu la kulia limekataa kuruka, na mume wangu amehamishiwa kazi yake ya uuguzi Walikale, na mimi ninamfuata. Sina neno lingine la kuacha kazi ukiwa bado unaipenda, kwa hiyo nimelichukua hilo la wazee. Habari za vyeo mtanisamehe. Nilianza nikiitwa Kochi na ninamaliza nikiitwa Kochi.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa hofu. Nikifunga mlango ninarudi kushika kufuli, kisha ninarudi tena kuhakikisha kwamba mara ya kwanza sikuifungua. Zoezi nitakalofundisha asubuhi nimeshalifanya nyumbani mara nyingi hadi watoto wa jirani wanalijua. Wengine wanaiita bidii. Mimi ninajua ni woga uliovaa nguo safi. Kazi yote niliyofanya hapa niliifanya na woga huo pembeni, kama mtu anayelima na mtoto mgongoni.

Hakuna aliyenifundisha darasani. Binamu yangu aliyeko Goma alinijazia video kwenye kadi ya simu, nami nikazitazama hadi nikajua hata mahali ambapo mwalimu wa kwenye video anakohoa. Alikuwa na sakafu inayong'aa na kioo cha ukuta mzima. Mimi nilikuwa na hangari yenye harufu ya magunia ya zamani, ambayo mwenye nayo alituruhusu kuitumia kwa sababu paa lake lilivuja na halikufaa tena kwa kahawa.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekariri hotuba. Akina mama walikuja wamefunga vitenge juu ya suruali, wakakaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kuwa wa kwanza kuondoka. Wanaume walikuwa wachache, wengi wao waendesha pikipiki wenye migongo iliyokwisha kwa barabara ya Sake, na Jado akiwa mmoja wao. Nikasema kwa sauti ya video kwamba tutaanza kwa kupasha mwili moto. Mama Riziki, ambaye nilimfahamu kwa sura tu wakati ule, aliweka jembe lake chini.

"Kochi, mwili yangu ilishapata moto," alisema. "Nimetoka kulima kule juu. Weye njo uko baridi."

Walicheka wote, kwa kuwa mwenye baridi kweli nilikuwa mimi, na hotuba yangu ikaisha pale. Siku hiyo tulianza kwa kupumzika, na hadi leo, wakitoka shambani, tunaanza kwa kupumzika. Kwenye video hakuna somo hilo.

Sasa mpango. Kila mwisho wa mwaka nilichukua kartoni ya biskuti, nikaifungua, nikachora visanduku kwa rula, kisanduku kimoja kwa wiki moja, na kila kisanduku nikakipa kazi yake. Mliwahi kuniuliza kwa nini ninahangaika hivyo na kartoni. Jibu ni hili. Vikundi vya spoti vya upande wetu hufa mwezi wa tatu. Niliona kikundi cha walimu cha kukimbia, niliona timu ya akina mama ya mpira, niliona vijana wa kwaya. Wote walianza mwaka mpya na jezi mpya, na mwezi wa tatu jezi zikawa za kulimia. Nilitaka kitu kimoja tu maishani, chetu kivuke mwezi wa tatu. Nikivuka mwaka huu, niliogopa ule unaofuata. Nilidhani nikichora vizuri zaidi, hakitakufa.

Mpango wa kwanza niliunakili kutoka kwenye simu. Mwezi wa kwanza uliandikwa kuondoa mafuta ya sikukuu. Mama Riziki aliomba nimsomee mara mbili.

"Nipunguze nini?" aliuliza. "Nikipungua, bakwe zangu batasema mutoto yao ameoa mugonjwa."

Nikafuta. Nikaandika nguvu ya mgongo. Hilo walikubali, na mwezi wa pili tulikuwa tunaendelea vizuri kwa fimbo. Fimbo zetu, kama mnavyojua, ni zile ndefu za kushikilia maharagi, ambazo kila mmoja huleta kutoka kwake na kuziacha kwenye kona. Ni nyepesi, zimenyooka, na ukizishika juu ya kichwa zinakuonyesha bega lililolala. Basi asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilifika hangarini, kona iko tupu. Nilifikiri tumeibiwa. Nilikuwa tayari nimepanga maneno ya kumwambia chifu, nilipokutana na Mama Riziki njiani. Alinyanyua kidevu kuelekea mlimani.

"Fimbo zako zile pale. Zinabeba maharagi."

Na kweli, mlima mzima ulikuwa na fimbo zangu, na katikati ya fimbo walikuwa wanachama wangu, wameinama. Asubuhi ile tulifanya mazoezi watu wawili, mimi na Jado, tumekabiliana kama wachumba walioletwa na wazazi. Jado alikuja kwa sababu pikipiki yake ilikuwa kwa fundi. Ninaandika hili ili mjue kwamba mwaka ule kikundi chetu kiliokolewa na gia mbovu. Tangu hapo kazi ya fimbo iko katika miezi ambayo maharagi yameshavunwa, na wakati wa kupanda tunafanya kazi ya sakafuni, fupi, mara moja kwa wiki, siku ya pili baada ya soko. Hilo mtalikuta kwenye kartoni, sitalirudia.

Papa Bauma alikuja mwaka wa pili. Ndiye yule mzee wa meno. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, akastaafu, na aliposikia kwamba kuna msichana anayekunja migongo ya watu kwa kufuata simu, alikuja kuona mwenyewe. Viatu vyake viling'aa hata kwenye matope, sijui alivipitisha wapi. Alipenda kuitwa Daktari ingawa hakuwa daktari, nasi tulimwita hivyo kwa sababu ilimfanya aje mapema. Mwenyewe hakuweza kugusa vidole vya miguu yake, na alitangaza kwamba kugusa vidole vya miguu hakuna faida yoyote katika maisha.

Alinifundisha kusimama nyuma ya mlango na kuwatazama watu wakiingia kabla hawajajua wanatazamwa. Mtu akishakuona, alisema, anatembea kama picha ya pasipoti. Nilimwona Mama Riziki namna hiyo. Aliingia akiwa ameweka kichwa mbele ya mwili, kana kwamba mzigo bado uko mgongoni na kamba bado iko kwenye paji la uso. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakufa ganzi, kitu ambacho hakuwahi kuniambia, kwa sababu aliona ni mambo ya jembe na si ya kochi.

Papa Bauma aliniuliza kama ndani ya simu yangu kuna mwanamke anayebeba mzigo kwa kichwa na kamba. Nikasema hakuna.

"Basi zima simu," alisema, "tuangalie huyu."

Kwanza alimtuma hospitali, na ninyi pia mfanye hivyo kila mara. Ganzi si kazi yetu. Mama Riziki alirudi na ruhusa ya kufanya mazoezi na amri ya kutobeba vizito. Ile amri aliisikiliza kwa heshima kubwa kisha akaniomba nimfundishe jinsi ya kubeba, kwa kuwa muhogo hauwezi kushuka mlimani peke yake. Tulitumia mwaka mzima juu ya shingo yake. Tulijaza maji nusu bidoni, yaani dumu, tukafunga kamba, tukajifunza kunyanyuka kwa miguu, kupumzisha mzigo kwenye ukingo wa njia, kubadilisha mahali pa kamba. Kutoka kwake zilitoka zile wiki za shingo ambazo sasa ziko kila mwanzo wa mavuno. Ganzi iliisha polepole. Hakunishukuru. Siku moja aliniletea muhogo, akauweka mlangoni, akasema ameubeba kwa miguu.

Mwaka uliofuata nilitaka kufungua kikundi cha pili Muheto, juu milimani. Mwalimu mmoja wa huko aliniita, na Jado akanipeleka kwa pikipiki. Kwa siku hiyo nilinunua firimbi. Nilipenda firimbi kwa sababu haisiti. Uwanja wa shule ulikuwa na watu wachache, nami nikiwa na hofu yangu ya kawaida nikaona niwaite walio mbali, mashambani. Nikapuliza ndefu, kisha fupi fupi, kama nilivyoona kwenye mpira.

Kwa muda hakuna kilichosogea. Kisha mlima ukasogea. Wanawake waliacha majembe, walichukua watoto. Mwanamume mmoja alikuwa tayari na godoro kichwani, na sijui hata leo alilitoa wapi haraka vile. Walikuwa wanashuka upande wa pili, bila kelele, kwa mpangilio mzuri kuliko darasa langu lolote. Mwalimu alinikamata mkono. Aliniambia kwamba pale firimbi ya asubuhi ina maana moja tu, kimbieni, wenye silaha wanakuja, na si michezo.

Yeye na Jado walikimbia kuwarudisha. Mimi nilibaki uwanjani na firimbi mkononi. Waliporudi, bibi mmoja alinipita, akasimama, akanitazama kuanzia viatu.

"Kumbe ni mazoezi," alisema. "Na mbuzi yangu imeenda wapi?"

Mbuzi alipatikana jioni. Kikundi cha Muheto hakikupatikana. Tangu siku hiyo tunaanza kwa kupiga makofi, matatu ya polepole, na kabla ya kufungua mahali popote tunauliza kwanza watu wa pale sauti gani ina maana gani kwao. Hilo liandikeni juu ya kila mpango. Mimi sikuliandika, kwa sababu niliona aibu.

Firimbi ile ilinibadilisha vibaya kabla ya kunibadilisha vizuri. Nilirudi nikiwa nimejua kwamba mwaka unaweza kuvunjwa na mambo ambayo sikuyachora. Kwa akili ya mtu kama mimi, dawa ni moja, kuyachora. Mwisho wa mwaka ule nilikaa na kalamu nyekundu. Nilihesabu misiba iliyotufungia mazoezi, mvua zilizokata barabara, siku ambazo watu walikuwa wamejifungia ndani kwa kusikia milio ya risasi kwa mbali. Kisha katika kila msimu nikatia visanduku vyekundu, nikaandika ndani yake kwa herufi safi. Kilio. Kilio. Kukimbia. Njia imefungwa. Nilijivunia sana kartoni ile. Ilikuwa ya kwanza ambayo haikudanganya.

Niliitundika. Wanachama walikuja, wakaisoma kama wanavyosoma tangazo la kanisani, wakafanya mazoezi, wakaondoka. Mazoezi yaliyofuata hakuja mtu. Wala yale yaliyofuata. Ulikuwa bado mwezi wa kwanza, na kikundi changu kilikuwa kimekufa hata kabla ya wakati wake.

Nilimwendea Mama Riziki nyumbani. Alikuwa anamenya maharagi na binti yake, ambaye alikuwa na mimba kubwa. Alinipa kigoda. Papa Bauma alikuwepo pia, amekuja kwa ajili ya maharagi, ingawa alisema amekuja kwa ajili ya shingo.

Nilijieleza. Nilisema kwamba misiba huja kila mwaka, kwamba mimi sikuiita, kwamba kupanga ni kuwa tayari. Niliongea kwa muda na kwa mpangilio. Binti aliacha kumenya, akaweka mkono tumboni.

"Kochi," alisema Mama Riziki, "wiki yenye uliandika kilio ya kwanza, njo wiki yenye huyu atazaa."

Papa Bauma alisema kwamba hata fundi mbao, ambaye anajua kabisa kazi itakuja, hatengenezi sanduku la maiti na kulisimamisha dukani akingojea. Anaweka mbao tu. Mbao ni mbao.

Mama Riziki aliendelea kumenya. "Kwetu, bugali ikiiva, unaachaka sahani moja ya mugeni," alisema. "Hauandike jina yake. Akikuja, anakula. Asipokuja, batoto banakula. Weye umeandika jina kwa sahani, na jina yenyewe ni ya mubaya."

Niliuliza kama nikiacha visanduku bila neno lolote, watarudi. Alisema nijaribu. Nilirudi hangarini nikakata vipande vya karatasi nyeupe, nikachukua unga wa muhogo nikaupika mwepesi kuwa gundi, nikabandika juu ya kila chekundu. Mtaona ajabu, lakini ilinisumbua zaidi kuliko aibu ya Muheto. Kwangu mimi kisanduku kitupu ni kama sahani chafu mezani. Siku za kwanza nilikuwa ninaingia nikiwa nimegeuza uso. Lakini walirudi. Yule binti alizaa salama, mtoto mwanamume, na wakamleta hangarini aone mahali ambapo nusura ajengewe msiba.

Wiki nyeupe ya kwanza tuliyoitumia ilikuwa, bila shaka, ya msiba. Mume wa mwanachama mmoja alifariki, tukaenda kukaa matangani. Mnajua wanawake wanavyokaa, chini, siku nyingi, miguu imenyooshwa, bila kuegemea. Siku ya pili nilianza kuona migongo. Sikuthubutu kusema kitu, si mahali pake. Mama Riziki ndiye aliyemshika mjane mkono alfajiri, akamwambia waende kuchota maji, na njiani akamnyoosha polepole kama tulivyokuwa tunafanya kwa shingo. Kesho yake walikwenda watatu. Wakati matanga yanaisha tulikuwa na darasa dogo linalotembea kati ya nyumba na mto, halina jina, halina makofi, na wenye msiba hawakuona kwamba ni mazoezi. Sasa tunafanya hivyo kila tukiitwa. Haiko kwenye kartoni kwa sababu haiwezi kuwa kwenye kartoni.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wa milimani walishuka wote kwa pamoja. Sitaeleza vita, wapo wanaoijua zaidi yangu, na wewe Esperansi ni mmoja wao. Nitaeleza hangari tu. Ilijaa familia. Mikeka yetu ililaliwa, bidoni zetu zilichotewa maji, fimbo zetu zikawa nguzo za mahema. Wiki nyeupe za msimu mzima ziliisha upesi, na mwezi wa tatu ulikuwa bado haujafika. Nilichora mpango mpya, nikauacha. Nikachora mwingine. Nilichora hadi kartoni zikaisha, nikachora nyuma ya kalenda ya kanisa. Kila mpango ulihitaji mahali, na mahali hapakuwepo. Mwishowe nilifunga kalamu, nikaanza kuzoea wazo kwamba kimekufa, na kwamba kwa kosa hili angalau siwezi kujilaumu. Nilijilaumu hata hivyo.

Mama Riziki alinikuta kwenye foleni ya maji. Foleni ile ilikuwa ndefu kuliko barabara, watu walisimama asubuhi nzima, mzigo wa kulala chini bado uko viunoni mwao. Aliniuliza kwa nini nimeacha kazi. Nikasema hatuna vifaa, hatuna sakafu.

"Bidoni ziko na kazi, acha zifanye," alisema. "Lakini bantu bamesimama bure. Kikundi yetu inaitwaka namna gani?"

Alikuwa ameshaanza. Aliweka mkono kiunoni, akazungusha bega. Mwanamke wa nyuma yake akamwiga kwa kumcheka. Nikajikuta ninanyanyua mikono. Nikapiga makofi yangu matatu, polepole.

Hapo ndipo iliposikika sauti yako, Esperansi, kutoka mbele ya foleni, na bidoni yako ukiwa umeikalia.

"Weye njo mama ya firimbi," ulisema. "Wa Muheto."

Watu wakageuka. Niliwaza kukimbia, na ningekimbia kama si foleni.

"Mara hii tulikimbia bila kupulizwa," ulisema. "Ungekuja, tungekimbia mapema."

Sijui nani alicheka kwanza. Kilikuwa kicheko cha watu waliolala vibaya, kikaenda hadi mwisho wa foleni na wale wa mwisho wakacheka bila kujua sababu. Baadaye ulikuja kusimama karibu nami, ukauliza lile zoezi la kiuno linafanywaje na mtu mwenye mtoto mgongoni. Nikasema sijui. Ukasema basi utajaribu, utaniambia. Uliniambia kesho yake, na ulikuwa sahihi isipokuwa kwa magoti. Mwezi wa tatu tuliuvuka kwenye foleni ya maji, na wanachama wa siku hizi wengi walitoka pale.

Ninafika mwisho, ambao ninyi wawili mliuona lakini hamkuona kichwa changu. Mwaka huu nilichora kartoni ya mwaka ambao mimi sitakuwepo. Niliichora vizuri kuliko zote. Nilipowaita kuwakabidhi, Jado aliisifu rula. Esperansi uliisoma kuanzia juu hadi chini, kwa kidole, kisha ukaniuliza nyeupe ziko wapi.

Hazikuwepo. Nilitazama, nikatazama tena, kama kufuli. Nilikuwa nimejaza kila kisanduku. Katika mwezi wa tatu nilikuwa nimegawa hata kila kisanduku mara mbili. Sikukusudia. Mkono wenyewe uliogopa kuwaacha ninyi mbele ya kitu kitupu.

Nilianza kueleza. Esperansi hukungoja. Ulikwenda kwa majirani ukaomba unga wa muhogo, ukarudi na gundi kwenye kopo na ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule, ukaanza kubandika. Hukuniuliza wapi. Ulifunika wiki nzuri sana za mgongo, ambazo nilikuwa nimezifikiria siku nyingi. Jado alikushikia kartoni ili isipinde. Nilipiga picha kwa simu, ili niwe ninajua kila wiki mko kwenye zoezi gani, na mkajifanya hamkuniona.

Hapo ningeishia, lakini safari ya Walikale ilichelewa kwa barabara, maandishi haya nayo yakachelewa, na sasa ninayamalizia huku, kwenye nyumba ya mbao ambayo mvua yake haiulizi msimu. Jirani zangu wanawake wanabeba mizigo ya msituni kwa namna nyingine kabisa, kamba inapita kifuani. Ninasimama nyuma ya mlango kuwatazama. Firimbi sina.

Leo mtandao ulishika kidogo, na ujumbe wa sauti wa Jado ukaingia. Ni mwezi wa tatu. Hakuna maneno mengi ndani yake. Kuna mvua juu ya bati, kuna makofi matatu, yako Esperansi, polepole kuliko nilivyokuwa ninapiga mimi. Halafu Mama Riziki karibu na simu: "Kochi, tuko." Halafu miguu mingi inayogusa sakafu kwa pamoja, na kicheko cha mtu aliyechelewa hatua.

Nilifungua picha ya kartoni kuangalia wiki hii ni zoezi gani. Kisanduku chake ni cheupe. Nilirudia kusikiliza ile miguu, nikijaribu kujua mnafanya nini, na sikuweza.